Kutoka Mlimba hadi Makambako: reli ilivyoupanda mlima

Kwenye ramani ya ukutani, TAZARA ni mstari mmoja: unatoka Dar es Salaam, unafuata bonde la Kilombero, unatokea Makambako, unapita Mbeya na Tunduma, kisha unaingia Zambia hadi Kapiri Mposhi. Jumla ni kilomita 1,860. Mkazi wa Iringa akiutazama huuliza kwa nini mji wake umeachwa kando, reli ikapita mbali kusini yake. Ramani hiyo haiwezi kumjibu, kwa sababu haioneshi kimo. Wahandisi wa reli hutumia mchoro mwingine, wa njia ikitazamwa ubavuni, unaoonesha inapanda na kushuka kiasi gani kwa kila kilomita. Ukiusoma huo, mambo mengi ya TAZARA yanaeleweka.

Tuanze na mlima Kitonga. Barabara kuu ya Iringa huukwea mlima ule kwa kona kali, na lori lenye shehena hupanda kwa gia ndogo, likinguruma mpaka juu. Lori linaweza kwa sababu tairi la mpira hung'ang'ania lami. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza upesi, na faida yake ya kubeba mzigo mkubwa kwa nguvu ndogo huishia mlima unapoanza. Kwa hiyo reli ya mizigo hutafuta mwinuko usiozidi mita 2 hivi kwa kila mita 100, hata ikibidi kuzunguka.

TAZARA ilizunguka kwa kupitia Kilombero. Ujenzi ulianza Oktoba 1970, na kufikia Novemba 1971 kilomita 502 za kutoka Dar es Salaam hadi Mlimba zilikuwa zimetandikwa. Kutoka Mlimba hadi mpaka wa Tunduma ni karibu kilomita 470 tu, lakini reli ilifika huko Agosti 1973, miezi 21 baadaye. Umbali unakaribiana, lakini muda umezidi kwa zaidi ya nusu.

Kazi kubwa ilikuwa kwenye kilomita 157 za Mlimba hadi Makambako. Hapo njia hupanda zaidi ya mita 1,000 ikikata mabonde ya kina na miteremko inayoporomoka mvua zikikolea. Karibu asilimia 30 ya madaraja, mahandaki na kazi za udongo za reli nzima zimo katika kipande hicho. Daraja la mto Mpanga limesimama juu ya nguzo tatu za urefu wa mita 50, na handaki namba 3 la Irangi lina urefu wa nusu kilomita. Pale mlima ulipokataa kuzungukwa ulitobolewa. Bonde lilipokuwa na kina mno kushukwa na kupandwa tena, lilivukwa juu kwa juu. Baada ya Makambako njia inaendelea hadi Uyole, Mbeya, ambako ndiko juu kabisa: mita 1,789 kutoka usawa wa bahari.

Njia ikishapatikana, linabaki swali la nguvu. Chukua treni ya tani 1,000. Kwenye tambarare inahitaji mvuto wa tani 4 hivi ili iendelee kwenda. Kwenye mwinuko wa mita 2 kwa 100, uzito wake pekee unairudisha nyuma kwa tani 20 zaidi. Ili ipande kwa kilomita 20 tu kwa saa, magurudumu yanahitaji karibu nguvu za farasi 1,800, kabla ya kuhesabu zinazopotea ndani ya mtambo.

Vichwa vya kwanza vya treni, vilivyotoka China, vilikuwa vya dizeli vyenye kupeleka nguvu kwenye magurudumu kwa msukumo wa mafuta. Mfumo huo ukilazimishwa kuvuta kwa nguvu kubwa na mwendo mdogo, mafuta hupata joto kali na nguvu nyingi hupotea. Mlima wa Makambako unadai uvutaji wa namna hiyohiyo, na vichwa vile vililemewa.

Mwaka 1983 vilianza kuingia vichwa vya aina ya U30C, vya teknolojia ya General Electric, vyenye nguvu za farasi 3,000. Humo injini ya dizeli haigusi magurudumu kabisa. Inazungusha jenereta, umeme unakwenda kwenye mota sita, moja kwa kila ekseli. Kwa maana hiyo, kinachopanda Makambako kwa miaka zaidi ya 40 ni treni ya umeme inayotembea na mtambo wake wa kuufua. Reli ya kisasa (SGR) ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza kazi mwaka 2024, inatumia mota za umeme pia, ila umeme wake unatoka kwenye waya wa juu.

Sasa kuna mpango wa dola bilioni 1.4 wa kuifufua TAZARA kwa kushirikiana na kampuni ya China. Kuupima kwa idadi ya kilomita zitakazotengenezwa kutatupotosha. Mzigo wa treni nzima hupangwa kwa kadiri unavyoweza kupandishwa kwenye mwinuko mkali kuliko yote, la sivyo hugawanywa mara mbili, au treni huongezewa kichwa cha kusukuma. Swali la kuuliza ni moja: treni moja itapandisha tani ngapi kutoka Mlimba, na kwa saa ngapi? Jibu la hapo ndilo litakaloamua mahindi ya Mbeya na shaba ya Zambia vitasafiri kwa reli au vitaendelea kubanana na malori barabarani.