Kuipima Programu Iliyohamishiwa Prosesa Mpya

Tuchukue chama cha akiba na mikopo katika wadi kama Ndithini, huko Masinga, ambacho hesabu za wanachama wake zimo ndani ya programu iliyoandikwa kwa lugha ya C enzi za kompyuta za biti 32. Fundi akileta toleo la biti 64, au la prosesa ya ARM, kwa kawaida huonyesha kwanza jinsi linavyofunguka upesi. Huo si ushahidi wa ufundi, kwa maana kasi ni ya mashine. Kazi ya fundi huonekana kwenye rekodi za zamani: je, programu mpya inazisoma zote, na inatoa majibu yale yale hadi senti ya mwisho? M-PESA, iliyoanza Machi 2007 kwa seva zilizokuwa nje ya Kenya, ilihamishiwa mfumo mpya uliowekwa Kenya mwaka 2015, na hata huko kipimo alichokuwa nacho mteja kilikuwa salio lake.

Kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo kwa ajili ya mashine, ikikubali msimbo bila kulalamika, bado hujajua lolote. Ukihamia biti 64 katika Linux, aina ya nambari ya C iitwayo long hupanuka kutoka baiti 4 hadi 8. Katika Windows hubaki 4. Programu iliyozoea kumwaga rekodi kwenye diski kama zilivyo kwenye kumbukumbu itasoma faili la zamani kwa upana mpya, na akiba ya mwanachama ikaangukia mahali pa tarehe. Aina ya char nayo, katika Linux, hubeba hasi kwenye Intel lakini kwa kawaida haibebi kwenye ARM, hivyo kitanzi kinachongoja -1 kutambua mwisho wa faili kinaweza kuzunguka bila kikomo. Basi ufungue msimbo wenyewe. Fundi hodari ametaja upana wa kila nambari inayokwenda kwenye faili na hakuuachia mashine. Tazama hasa tarehe: sekunde zilizohesabiwa kwa biti 32 zinaisha tarehe 19 Januari 2038, kisha saa inarudi Desemba 1901. Mkopo wa miaka 15 uliotolewa 2024 unaisha 2039, kwa hiyo kasoro hiyo inauma leo.

Wapo wanaosema ni heri kuandika upya kuliko kubeba msimbo mkongwe. Lakini msimbo huo umehifadhi kanuni za riba na faini ambazo huenda hazikuandikwa popote pengine, na anayeuacha lazima azigundue tena kwa kukosea. Wengine watauliza kwa nini kuhangaika na kilichofanya kazi miaka yote. Roketi ya Ariane 5 ililipuka tarehe 4 Juni 1996, chini ya sekunde 40 baada ya kuruka, kwa sababu programu iliyorithiwa kutoka Ariane 4 ilijaribu kuingiza nambari kubwa ya biti 64 katika nafasi ya biti 16. Programu ile ilikuwa imefaulu. Dhana zake ndizo zilizokuwa za roketi nyingine.

Kwa hiyo, wewe uliye kwenye kamati ya chama, usitie sahihi ya kupokea kazi kabla programu zote mbili hazijaendeshwa sambamba mwezi mzima wa hesabu, juu ya nakala ya rekodi halisi. Tofauti ya hata senti moja ielezwe kwa maandishi, na fundi asilipwe malipo ya mwisho hadi aieleze.