Kati ya Wimbo na Wimbo: Fanani na Hadhira katika Maonyesho ya Bendi za Vijana Mjini Eldoret

Makala hii inakusudia kuchunguza jambo ambalo uhakiki wa nyimbo umelipita mara nyingi bila kulitazama, nalo ni yale yanayosemwa jukwaani wakati wimbo mmoja umekwisha na mwingine haujaanza. Mifano yetu inatokana na maonyesho ya bendi ndogo ndogo za vijana wanaopiga roki, panki na mseto wa hip hop na magitaa mjini Eldoret, maonyesho ambayo tumeyahudhuria kwa miaka kadhaa. Hatutazitaja bendi hizo kwa majina. Nyingi hufa kabla ya kutimiza mwaka, na baadhi ya wapigaji ni wanafunzi ambao wazazi wao hawajui wanakokwenda Jumamosi jioni.

Mazoea ya mhakiki wa nyimbo yanajulikana. Huchukua kanda, huisikiliza, hunakili maneno, huyapanga katika beti, kisha huyachambua kana kwamba amefungua diwani: dhamira, ujumbe, tamathali za usemi, basi. Mbinu hii imetufaa katika taarab na katika nyimbo za dansi, ambamo neno hutamkwa likasikika, na mwimbaji hujua kuwa wasikilizaji wamekuja kusikia neno. Katika kumbi tunazozizungumzia hapa, mtu aliyesimama hatua tano kutoka kwenye spika hapati hata neno moja katika matano. Magitaa huyameza. Mitambo ni ya kukodi, na chumba chenyewe pengine ni ghala au baa iliyosogezwa meza zake ukutani. Hata kama mitambo ingekuwa mizuri, mwimbaji mwenyewe aghalabu hunguruma au hupiga mayowe kwa kusudi. Mhakiki wa beti atarudi nyumbani na daftari tupu. Je, hapo pana fasihi? Na ikiwa ipo, yatuhusu nini sisi wa idara za Kiswahili, ilhali nyimbo nyingi za bendi hizo hutungwa kwa Kiingereza?

Swali hili si la kinadharia tu. Mwanafunzi wa uzamili anapoleta pendekezo la utafiti juu ya muziki huu, jibu lililo rahisi ni kumwelekeza idara ya Kiingereza, na huko akaambiwa kuwa hiyo ni kazi ya idara ya muziki. Wakati mapendekezo yanazunguka ofisini, bendi imekwisha kuvunjika.

Kabla ya kuendelea, inafaa tulitazame neno lenyewe. Katika Kiswahili cha Tanzania, hasa katika mazungumzo ya Bongo Fleva, msanii wa andagraundi ni yule ambaye bado hajatoka, yaani hajapata jina. Andagraundi ni ngazi, na anayekaa juu yake anatazamia kupanda. Vijana wa magitaa wa Kenya hulitumia neno hilo kwa maana nyingine: kwao ni mahali pa kukaa. Wapo wanaojivunia kutochezwa redioni. Tena Mkenya wa umri wetu hawezi kusikia habari za mambo ya chini kwa chini bila kukumbuka kuwa katika miaka ya 1980 maneno hayo yalihusu vikaratasi vya siri, Mwakenya, na watu waliochukuliwa usiku. Maana hizi tatu hukutana katika ukumbi mmoja, na si kila aliyemo huzijua zote.

Nadharia ya kutufaa tunayo tangu zamani. Mulokozi (1989), katika makala yake juu ya tanzu za fasihi simulizi iliyochapishwa katika Mulika, aliisawiri fasihi simulizi kuwa ni tukio linalotawaliwa na mwingiliano wa mambo sita, ambayo ni fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio lenyewe, mahali na wakati. Wengi wetu tumelifundisha jambo hili kila mwaka, wanafunzi wakalikariri, kisha tukarudi kwenye maneno matupu. Tukilishika kwa dhati, wimbo usiosikika vizuri hauwi tena kikwazo, kwa sababu maneno ya wimbo ni sehemu ya jambo moja tu kati ya sita. Hatuna budi kuuliza fanani anaijenga wapi hadhira yake. Katika maonyesho ya Eldoret jibu li wazi: anaijenga katika nafasi iliyo kati ya wimbo na wimbo, na anaijenga kwa Kiswahili na Sheng.

Ndivyo inavyokuwa. Wimbo wa Kiingereza unakwisha. Mpiga gitaa anainama kuurekebisha uzi uliolegea, na ukimya ule unamtisha mwimbaji. Anaanza kusema. Hapo hasemi Kiingereza. Anawatania waliosimama nyuma wakiegemea ukuta, anaomba maji, anamsuta rafiki aliyechelewa, anasimulia jinsi walivyobeba dramu kwa bodaboda mbili, na kisha anaita mitaa. Langas wako wapi? Kapsoya? Huruma? Pioneer? Kila mtaa unaotajwa unajibu kwa sauti yake, na mtaa usio na watu wengi unajaribu kupiga kelele kuliko idadi yake. Dakika tatu baadaye wimbo mwingine unaanza, na watu walioingia mmoja mmoja sasa wanasukumana bega kwa bega.

Msomaji anayeijua Lamu ataona kuwa mambo haya si mageni. Mashindano ya Mkomani na Langoni katika ngoma na ushairi yameandikwa sana. Beni, iliyozuka katika miji ya pwani ya Kenya katika miaka ya 1890, ilichukua matarumbeta, sare na vyeo vya jeshi la Wazungu ikaviingiza katika ushindani huo huo wa mitaa na vyama. Wakoloni wengine waliicheka kwa kuiona ni uigaji, wengine waliiogopa. Ranger (1975) ameonyesha kwa ushahidi mwingi kuwa kilichoigwa kilikuwa vazi, na kwamba mchezo wenyewe ulikuwa na mizizi katika ngoma za mashindano zilizotangulia. Tunaitaja beni kwa sababu hoja inayotolewa leo dhidi ya vijana wa magitaa ni ile ile. Huambiwa wanaiga Marekani. Wanaiga, naam, katika mavazi, katika namna ya kutikisa kichwa, na katika Kiingereza chao kilichokopwa kwenye albamu za watu wengine. Lakini kuita mitaa hawakukopa huko.

Hapa ndipo jambo linapokuwa zito, na hasa kwa Eldoret. Mji huu uliokua kutoka shamba nambari 64, na uliopandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2024, una wasemaji wa Kinandi, Kikeiyo, Kiluhya, Kikikuyu, Kijaluo na wengine wengi. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa lilichomwa Kiambaa, si mbali na katikati ya mji, likiwa na watu ndani. Ripoti ya Tume ya Waki ya mwaka huo ilieleza pia malalamiko kuhusu yaliyotangazwa na vituo vya redio vya lugha za mama. Tangu hapo, fanani anayesimama mbele ya watu mia moja mchanganyiko katika mji huu anajua kuwa salamu ni uamuzi. Akisalimu kwa lugha ya nyumbani kwao, nusu ya ukumbi itashangilia na nusu nyingine itahesabu. Kiswahili na Sheng vinampa njia ya kuingia bila kutoa kitambulisho. Mtaa unashika nafasi ambayo kabila lingeshika.

Lakini tusiharakishe kushangilia. Jina la mtaa mjini Eldoret halikosi kubeba fununu ya kabila. Mkazi yeyote anajua ni akina nani walihamia wapi baada ya 2008. Fanani anapoita mitaa, analigusa jeraha kwa kitambaa. Werevu wa vijana hawa ni kuwa wanalijua hilo na wanacheza nalo. Tuliwahi kumsikia mwimbaji mmoja akiita mtaa ambao haupo, jina alilolibuni papo hapo, na ukumbi mzima ukajibu kwa kishindo kuliko ulivyojibu mitaa ya kweli. Utani huo ulichukua muda mfupi kuliko pumzi moja. Kwa maoni yetu, ulikuwa na ushairi kuliko nyimbo tisa za jioni ile.

Kauli hiyo yahitaji kuelezwa, maana ndani yake mna lawama. Maneno ya nyimbo za bendi nyingi za Eldoret, yakinakiliwa, ni dhaifu. Yanazungumza juu ya majira ya baridi ambayo mtunzi hajayaona na upweke usio na anwani. Mtu aliyetoka kutania kwa Sheng yenye makali anageuka, wimbo unapoanza, kuwa mwanafunzi mtiifu wa kitabu cha kigeni. Si kwamba Kiingereza hakifai. Crystal Axis, bendi ya panki ya Nairobi, wana wimbo uitwao "Nyayo House", juu ya jumba ambalo vyumba vyake vya chini vilitumiwa kuwatesea wapinzani wa serikali. Hapo panki imekipata chini kwa chini chake halisi, na msikilizaji wa fasihi ya Kiswahili hana budi kuukumbuka ukoo wa Sauti ya Dhiki (1973) ya Abdilatif Abdalla na Chembe cha Moyo (1988) ya Alamin Mazrui, diwani mbili ambazo msingi wake ni kifungo na kizuizi. Bendi hiyo imejua inasema na nani na juu ya nini. Bendi za kwetu huujua ukumbi wao vizuri zinapozungumza, na husahau zinapoimba.

Yapo pia mayowe, ambayo mhakiki hupenda kuyapita kimya kimya. Mfano unaofahamika zaidi katika eneo letu ni Duma, yaani Martin Khanja na Sam Karugu, waliotoka katika kumbi za hevi metali za Nairobi na ambao albamu yao ilitolewa mwaka 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Jina lenyewe ni somo la semantiki. Msikilizaji wa Kiswahili humwona mnyama mwenye mbio. Wenyewe wameeleza kuwa walikusudia giza, kwa Kikikuyu, na bila shaka si ile nduma inayoliwa kwa chai. Khanja, ajiitaye Lord Spikeheart, aliihusisha albamu yake The Adept (2024) na kumbukumbu ya Mau Mau na ya Muthoni wa Kirima, aliyefariki mwaka 2023, na ambaye humtaja kuwa mzee wa ukoo wake. Msikilizaji asiyeambiwa hayo hatayapata katika sauti. Anachopata ni mwili unaotoa sauti iliyopita maneno.

Je, hilo liko nje ya fasihi? Farouk Topan, katika tasnifu aliyoiandika London mwanzoni mwa miaka ya 1970 juu ya nyimbo za pepo mjini Mombasa, alichunguza fasihi ambayo haiwezi kutenganishwa na uganga, kiti na waliozunguka. Ulinganisho huu tunautoa kwa tahadhari. Nchini Kenya, ambako rais aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani mwaka 1994, kumlinganisha kijana wa gitaa na mwenye pepo ni kumtia mashakani kwa mchungaji na kwa mwalimu mkuu. Hatusemi kuwa vijana hawa wamepagawa. Tunasema kuwa utamaduni wa Kiswahili una mapokeo marefu ya kusikiliza sauti ambayo maneno yake si ya kawaida, na kuuliza inataka nini, badala ya kuuliza tu imesema nini. Uganda nayo ilikuwa na mvutano wake: mwaka 2018 waziri wa maadili, Simon Lokodo, alitangaza kulipiga marufuku tamasha la Nyege Nyege huko Jinja, kisha likaruhusiwa. Kwa vijana wa Eldoret hiyo si habari ya mbali. Kwa barabara, Jinja iko karibu nasi kuliko Nairobi, na wapo wanaovuka Malaba wakiwa na gitaa mgongoni.

Limebaki suala la ushahidi, nalo ni gumu kuliko la nadharia. Ngoma za zamani ziliandikwa na maafisa waliozishuku, na sasa tunayatumia mashaka yao kama hazina. Bendi za Eldoret hazina afisa. Zina simu. Wimbo unapoanza, simu thelathini huinuliwa juu, na unapokwisha zote hushushwa mara moja, kwa kuwa betri na nafasi ya kuhifadhia ni haba na hakuna anayeona sababu ya kurekodi mtu akiomba maji. Kwa hiyo kumbukumbu itakayobaki itakuwa na kila neno lisilosikika, na haitakuwa na lolote kati ya yale yaliyosikika na kila mtu. Mwanafunzi atakayekwenda huko na kinasa sauti akiache kikiwaka tangu mlango unapofunguliwa hadi dramu ya mwisho inapopakiwa kwenye bodaboda, na anukuu pia majibu ya mitaa, kwa mpangilio, pamoja na ule usiokuwapo.