Lugha ya Pingamizi na Lugha ya Ushahidi: Wakazi wa Lamu na Utetezi wa Mji wa Kale

Maandishi ya kitaaluma kuhusu uhifadhi wa Lamu yamezoea kuanza na jiwe. Usam Ghaidan alipouchunguza mji huo katika miaka ya 1970, na Francesco Siravo na Ann Pulver walipouandalia mpango wa uhifadhi katika muongo uliofuata, kilichopimwa na kuchorwa kilikuwa nyumba: matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Kazi hizo zina thamani kubwa. Hata hivyo, ziliandikwa kwa Kiingereza, na jambo hilo si dogo. Mkazi wa Mkomani anayelijua daka kuwa mahali pa kumpokea mgeni kabla hajavuka kizingiti, na wikio kuwa chumba kinachopita juu ya kichochoro, huyakuta maarifa yake yamegeuzwa maneno ya herufi za mlazo katika matini ambayo hakuandikiwa yeye.

Pengo hilo lilidhihirika pale shinikizo la maendeleo lilipokuja kwa ukubwa usiowahi kuonekana. Mji ulioingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001 ulijikuta jirani ya bandari ya mradi wa LAPSSET, kisha ya pendekezo la kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050 huko Kwasasi, bara ya Lamu. Wakazi walijikusanya, wengi wao chini ya mwavuli wa Save Lamu, wakaenda mahakamani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba mradi wa bandari ulikiuka haki za wenyeji, zikiwemo za utamaduni. Tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ikafuta leseni ya kituo cha makaa.

Hukumu hii ya pili ndiyo inayomhusu zaidi mtafiti wa lugha. Sababu yake kuu haikuwa moshi wala majivu, bali ushirikishwaji wa umma. Mikutano iliyofanyika iliitangulia ripoti kamili ya tathmini ya athari. Wananchi waliulizwa utamu wa chungu ambacho hakijainjikwa.

Tuzisome basi kanuni za Kenya za mwaka 2003 kuhusu tathmini hiyo kama matini. Zinataka tangazo la redio kwa lugha rasmi na za wenyeji. Zinataka mikutano isiyopungua mitatu, na maoni ya mdomo na ya maandishi yapokelewe pamoja na tafsiri zake. Hapo pana mwelekeo unaofaa kuhojiwa: tafsiri inapanda, kutoka kinywani mwa mwananchi hadi kwenye jalada la serikali. Hakuna panapoamriwa ripoti yenyewe ishuke kwa Kiswahili. Hata muhtasari usio wa kitaalamu, ambao ni wa lazima, haukutajiwa lugha. Kwa hiyo Kiswahili kimebaki lugha ya pingamizi, na Kiingereza lugha ya ushahidi, ilhali Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 inazitambua zote mbili kuwa lugha rasmi.

Kuagiza tafsiri tu hakutoshi. Ripoti iliyojaa istilahi zilizofinyangwa mezani Nairobi inaweza kumfungia mvuvi mlango uleule kwa kufuli jipya. Mvuvi wa Lamu huisoma bahari kwa kusi na kaskazi, kwa miamba na milango ya maji, tena kwa Kiamu. Maarifa hayo yanapaswa kuingia katika ripoti wakati inaandikwa, si kungoja kiambatisho cha malalamiko.

Wala tusidhani kwamba mtaa una kauli moja. Wapo vijana walioona ajira katika bandari, na hoja yao haikupata wachambuzi wengi. Upo pia upendeleo wa jiwe: Mkomani yenye majumba ya kale imeandikwa kwa kina, ilhali Langoni, uliko Msikiti wa Riyadha unaowakusanya maelfu kila Maulidi, huguswa kwa kupita.

Washauri wa sera wanaweza kuanza na marekebisho madogo ya kanuni: siku za umma kutoa maoni zisianze kuhesabiwa kabla muhtasari wa Kiswahili haujabandikwa mitaani na kusomwa barazani. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, penye Mji Mkongwe unaokabiliwa na mashinikizo ya namna hiyo, inaweza kuratibu istilahi zake pamoja na mafundi, wavuvi na wazee wa miji yote miwili.