Bakuli Chini ya Birika

Katika majumba ya mawe ya Lamu, yaliyojengwa kwa matumbawe na chokaa, dari zake zikibebwa na boriti za mikoko, chooni mlikuwa na birika la maji ya kuogea na kutawadhia, yaliyotekwa kwa kata. Na chini kabisa ya birika hilo, katika sakafu yake, waashi walizoea kukaza bakuli la kaure lililotoka Uchina, ambalo mgeni asiyejua aghalabu hulidhania kuwa ni pambo. Si pambo tu. Humo birikani waliishi visamaki vidogo ambao kazi yao ilikuwa kula viluwiluwi vya mbu; na siku birika lilipomwagwa maji ili lisuguliwe, maji yote yalikwenda zake isipokuwa yale yaliyosalia bakulini, na samaki wakateremka humo wakangoja, salama salimini, mpaka maji mapya yalipomiminwa juu yao.

Bakuli hilo limenirudia fikirani mara nyingi tangu mjukuu wangu, binti wa miaka 6, aliponitaka nimtengenezee hodhi la kioo la samaki wa maji baridi katika nyumba yetu ya Mombasa. Watu wengi huliona jambo hili kuwa mchezo wa watoto, wakanunua hodhi na samaki siku moja, na juma la pili wakawa wanazika samaki na kuuza hodhi. Mimi naliona kuwa ni fani, tena fani yenye heshima, na siri yake ndiyo ile waliyoifahamu waashi wa Lamu: kusafisha pasipo kumaliza.

Tulichagua hodhi la mstatili, urefu sentimita 60, upana 30 na kimo 36, lichukualo takriban lita 60. Dukani tulioneshwa pia tufe la kioo, zuri kwa macho, na mtoto akalitamani. Nikamkatalia, wala sijuti, kwa maana samaki hupata pumzi yake pale maji yanapokutana na hewa, na tufe, kadiri linavyojazwa kuelekea shingoni, ndivyo uso wa maji unavyozidi kuwa finyu. Fauka ya hayo, maji machache huharibika upesi, ilhali maji mengi huvumilia kosa la mkono mdogo unaomwaga chakula kupita kiasi. Kwa hiyo anayeanza yafaa aanze na hodhi kubwa, ingawa akili ya kwanza humwambia kinyume. Lita 60 za maji zina uzito wa kilo 60, kabla ya kuhesabu kioo na changarawe, basi meza nyonge haifai. Tuliliweka juu ya kabati la mvule, mbali na dirisha, kwa sababu jua letu likiruhusiwa kuingia majini kila siku huyageuza kijani kwa mwani.

Kuosha changarawe nilimwachia yeye. Aliketi uani na beseni baina ya magoti yake, akiitia maji, akiipindua kwa viganja, akiyamwaga maji yaliyokuwa kama chai ya maziwa, kisha akianza tena. Mara ya tano aliniuliza kama yatosha, mara ya nane hakuuliza, na ilipofika mara ya kumi na mbili alikuwa akiimba, na maji yalitoka besenini yakiwa meupe kama yalivyoingia. Sabuni hatukuitumia hata chembe. Maji ya hodhi tuliyakinga ndooni, nayo ni maji ya mfereji, ambayo sehemu yake huja Mombasa kutoka chemchemi za Mzima kule Tsavo kwa bomba lililolazwa katika miaka ya 1950. Na kwa kuwa maji ya mji hutiwa klorini ili kuua vijidudu, na klorini hiyo huunguza matamvua ya samaki, tuliyaacha wazi usiku na mchana, pampu ndogo ikiyatia mapovu, mpaka dawa ikapaa. Chombo cha kupasha maji joto, ambacho wafugaji wa nchi za baridi hawawezi kukikosa, sisi hatukukihitaji: pwani imetupa joto hilo bila gharama. Tukapanda majani marefu membamba kama tepe, tukaweka chujio la sifongo, tukawasha pampu.

Kisha tukangoja. Majuma matano hodhi lilikaa pasipo samaki, na kila jioni mjukuu wangu alitia humo chembe chache za chakula, akilisha maji matupu kwa utii ulionigusa moyo. "Babu, samaki wako wapi?" aliniuliza juma la pili, nami nikamwambia kuwa kuna wenyeji lazima watangulie, wadogo hata jicho haliwaoni. Maana chakula kikioza, kama ilivyo mavi na mkojo wa samaki, huzaa amonia, nayo ni sumu. Jamii moja ya bakteria huigeuza amonia kuwa nitraiti, ambayo pia ni sumu. Na jamii nyingine huigeuza nitraiti kuwa nitreti, ambayo samaki huistahimili na majani huila. Mtaalamu wa Kirusi, Sergei Winogradsky, ndiye aliyewatenga na kuwaeleza viumbe hawa, katika kazi aliyoifanya mjini Zurich na kuanza kuitangaza mwaka 1890. Hawaelei sana majini; makazi yao ni juu ya changarawe, juu ya kioo, na hasa ndani ya sifongo, katika ule utando wa kahawia ambao mtu nadhifu akiuona hutamani kuusugua.

Na hapa ndipo sisi watu wa pwani tunapopata taabu. Tumelelewa juu ya tohara, tukafunzwa tangu utotoni kuyatilia shaka maji yaliyobadilika rangi, ladha au harufu, na mtu akituonesha uchafu mkono hunyanyuka wenyewe. Nilipokuwa kijana nilifuga samaki wanne katika mtungi mkubwa wa kioo. Siku moja, nikiuonea haya utando ule mbele ya wageni, niliwahamisha, nikamwaga maji yote, nikaosha kila jiwe kwa sabuni, nikajaza maji ya mfereji yaliyong'aa kama almasi, nikawarudisha. Kulipopambazuka walikuwa wakielea ubavu. Nilikuwa nimewaondolea kila kiumbe kilichowalinda, nikawatia katika klorini, nami niliyafanya hayo kwa mapenzi. Miaka mingi ilipita kabla sijafahamu kosa langu, na nilipolifahamu, bakuli la birika, ambalo nililiona kila siku utotoni, lilinijia mbele ya macho.

Samaki tuliowaleta ni gapi, madume wawili na majike wanne, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Amerika ya Kusini na visiwa vya jirani, waliopewa jina la Robert John Lechmere Guppy, mkazi wa Trinidad aliyepeleka mifano yao London katika karne ya 19. Huridhika na maji yetu magumu, na mikia ya madume yao ni kama kanga zilizoanikwa upeponi. Tuliuacha mfuko wao uelee juu ya maji robo saa, tukiongeza kikombe kimoja kimoja cha maji ya hodhi, ndipo tukawafungulia. Tangu siku hiyo sheria ni chache: chakula kiasi cha kumalizwa kwa dakika mbili, kila Ijumaa robo ya maji hutolewa kwa mpira na kurudishiwa mengine yaliyolala, na sifongo hukamuliwa ndani ya maji yale yale yaliyotolewa, haipelekwi mferejini abadani. Mjukuu wangu ndiye ashikaye mpira. Maji yafikapo alama tuliyoichora kwenye kioo, huuminya na kusema, "Yaliyobaki yao, Babu."

Gapi hawatagi, huzaa, tena mama hula wanawe akiwaona. Nilipomweleza hayo alinyamaza, kisha akaniuliza tena habari ya birika la Lamu, akaenda jikoni akarudi na kibakuli cha kaure chenye ufa ambacho mamake alikwisha kukiweka kando. Alikisuuza kwa maji matupu, akakilaza ubavu juu ya changarawe, nyuma ya majani. Asubuhi moja, baada ya sala ya alfajiri, aliniita kwa kunong'ona. Mdomoni mwa kibakuli mlikuwa na macho madogo meusi. Tukahesabu tukapata saba, kisha mmoja akajitokeza kivulini, wakawa wanane.