Kisanduku Namba 11

Anayeondoka katika jeshi la Marekani hukabidhiwa karatasi inayomfuata mpaka kaburini: fomu DD 214. Wala si chuku. Asipokuwa nayo, jamaa zake watahangaika hata siku ya kuomba azikwe kwa heshima za kijeshi. Katika kisanduku namba 11 cha fomu hiyo pameandikwa fani yake: 11B ni askari wa miguu, 88M dereva wa lori, 92G mpishi, 42A karani wa utumishi. Herufi moja na tarakimu mbili tu, lakini wako wanaozigombania kwa miaka.

Ugomvi wenyewe huanzia kwenye swali. Askari wa zamani anasoma kisanduku kile kana kwamba kinauliza, "Ulifanya nini vitani?" Sivyo. Kinauliza jeshi lilikutambua kwa fani gani. Maelekezo yaliyochapwa kwenye fomu yanataka fani kuu, kisha fani nyingine zilizoshikwa kwa mwaka mmoja au zaidi. Sasa tuseme kijana wa mizinga, 13B, alipelekwa Iraq. Mizinga haikuhitajika sana, kwa hiyo akawekwa nyuma ya bunduki kubwa juu ya gari, akasindikiza misafara kwa miezi 10. Hilo halikuwa jambo la ajabu; vikosi vya mizinga vilitumiwa kulinda misafara na kambi. Akirudi nyumbani, kisanduku kinasema 13B, na karani aliyekijaza hakukosea. Akiandika ombi akidai "fani yangu imekosewa", ameshindwa kabla faili halijafunguliwa. Alichopaswa kuomba ni kumbukumbu ya majukumu yake, au beji ya mapigano iliyoanzishwa mwaka 2005 kwa wasio askari wa miguu.

Mtu atauliza, yote haya ya nini? Ni kwa sababu herufi zile zina bei. Idara ya Maveterani ina orodha inayopanga kila fani kwa uwezekano wa kukumbwa na kelele zenye madhara: mkubwa, wa wastani au mdogo. Karani yuko chini kabisa. Miaka 30 baadaye, masikio yakianza kuvuma, afisa wa madai huanza kwa kutazama fani. Tena sheria ya Marekani inamlegezea masharti aliyepigana na adui: maelezo yake ya jinsi alivyoumia yanaweza kukubaliwa hata kama hakuna cheti cha daktari wa wakati ule, mradi yalingane na mazingira ya vita. Kwanza, hata hivyo, ithibitike kwamba alipigana.

Njia za kusahihisha ni mbili, na wengi hukimbilia iliyo ngumu. Kama faili la utumishi linasema jambo moja na DD 214 inasema lingine, hilo ni kosa la kunakili. Huombwa kwa ofisi ya kumbukumbu ya jeshi husika, na jibu huja kwa fomu DD 215, karatasi ndogo inayoambatanishwa na ile ya kwanza. Hapo hapahitajiki wakili wala kilio.

Faili lenyewe likiwa na kasoro, ndipo mtu hupanda kwenye bodi ya kusahihisha kumbukumbu kwa fomu DD 149. Bodi hizi zilitokana na sheria ya mwaka 1946. Kabla ya hapo Bunge lilikuwa likiletewa miswada ya mtu mmoja mmoja, mpaka likachoka. Wajumbe ni raia. Muda wa kuomba ni miaka 3 tangu kosa ligunduliwe, ingawa bodi inaweza kuusamehe kwa ajili ya haki. Msimamo wake wa kuanzia ni kwamba karatasi za serikali ziko sahihi, na mzigo wa kuonyesha vinginevyo ni wa mwombaji.

Mzigo huo hautuliwi kwa machozi. Barua za wenzako zina nafasi yake, lakini zimeandikwa leo, na rafiki ni rafiki. Karatasi yenye nguvu ni ile iliyoandikwa siku zile, na mtu asiyejua kwamba siku moja utaihitaji: amri ya uhamisho, tathmini ya mwaka, maelezo ya nishani. Kwa waliokwenda Vietnam, hazina iko kwenye fomu DA 20, kipengele cha 38, panapoorodheshwa kila kituo pamoja na namba ya kazi aliyopangiwa huko. Aliyesomea upishi anaweza kukuta humo ameandikwa 11B. Mstari huo mmoja unashinda viapo 10.

Shida kubwa ni pale karatasi zilipokwepa ukweli kwa makusudi. Sera ya mwaka 1994 ilizuia wanawake kupangiwa vikosi vya mapigano ya ardhini, ikafutwa Januari 2013. Katikati ya miaka hiyo, Iraq na Afghanistan, makamanda waliwahitaji kwa upekuzi na kuzungumza na wanawake wa vijijini. Dawa ikawa neno: hawakupangiwa, "waliambatanishwa" tu. Walitembea doria zilezile, wakarudi na karatasi za ukarani na ugavi. Huo kwangu si upungufu wa karani. Ni sera iliyojificha ndani ya kitenzi.

Walioondoka zamani wana balaa jingine. Moto wa Julai 12, 1973, katika kituo cha kumbukumbu karibu na St. Louis uliteketeza mafaili kati ya milioni 16 na 18, na nakala hazikuwepo. Humo zilikwenda asilimia 80 hivi za kumbukumbu za jeshi la nchi kavu za walioachishwa kati ya Novemba 1912 na Januari 1960. Kwao hutafutwa hati za malipo na ripoti za asubuhi za kombania.

Katika jeshi hilo wamo na wetu, wasemaji wa Kiswahili. Mpango wa mwaka 2009 wa kuandikisha wageni wenye lugha adimu ulikitaja Kiswahili miongoni mwa lugha zake, na walioingia kwa lugha haikuwa lazima wapewe fani ya lugha. Kama una ndugu anayekaribia kutoka, mwambie anakili faili lake zima sasa, na kabla ya kutia saini kisanduku cha 21, asome cha 11.