Hajulikani na Nani?

Kompyuta iliyokaa stoo miaka minane haiwashwi kwanza, inafunguliwa. Ya kwangu niliilaza ubavu barazani Jumamosi moja asubuhi, nikalegeza skrubu mbili za nyuma, nikavuta kifuniko. Ndani mlikuwa na mayai mawili ya mjusi kafiri, makavu, na vumbi lililogandana kwenye feni mpaka likawa kama kitambaa. Kwa kazi hii sijaona kifaa kinachoishinda brashi ya kupakia milango rangi. Unazuia feni kwa kidole isizunguke, unapiga brashi taratibu, unapuliza, unapiga chafya, unaendelea. Dawa ya kupozea prosesa ilikuwa imekauka kama ukoko; niliikwangua, nikatia mpya kiasi cha punje ya dengu. Nikabadilisha na kile kibetri cha duara, CR2032, ambacho kikifa mashine husahau tarehe.

Nilikuwa nimeshauriwa niiuze kwa kilo. Prosesa ya Core 2 Duo, ramu ya gigabaiti 4, diski ya gigabaiti 500: kwa programu za leo huyo ni mzee anayehema kabla hajafika mlangoni. Lakini zipo kazi za kukaa kitako, na kutunza ghala ni mojawapo.

Nilichotaka ni mashine isiyo na kioo wala kibodi, ijikunyate chini ya kabati la vyombo, iungwe kwa waya kwenye rauta, ibebe filamu na nyimbo zote za nyumba. Mwenye simu aombe apewe, mwenye TV aombe apewe. Hiyo ndiyo seva. Mama huiita “kasha lako”. Majirani waliposikia waliuliza kwanza habari ya bando, kwa kuwa tumezoea kwamba mtandao ni kitu cha kununua kwa siku au kwa wiki. Humu hamna bando. Filamu inatoka kwenye diski, inapita kwenye rauta, inafika sebuleni. Hata intaneti ikikatika mji mzima, picha haitikisiki. Mdogo wangu, aliyezoea kwenda mtaani kuingiziwa filamu kwenye flashi, alihitaji wiki nzima kuamini.

Programu zenyewe ni za bure. Nilisimika Debian, mfumo ambao watu wanaujenga kwa kujitolea tangu 1993, na juu yake Jellyfin, programu ya kugawa filamu na nyimbo, iliyozaliwa Desemba 2018 baada ya wenye programu ya Emby kuufunga msimbo wao na baadhi ya wachangiaji kukataa. Kusimika kulinichukua jioni moja. Kilichofuata kimenichukua mwaka, na bado sijamaliza.

Prosesa mpya huweza kubadilisha umbo la video papo hapo mtu akiwa anatazama. Intel ilianza kuzitia mtambo wa kazi hiyo mwaka 2011. Ya kwangu ni ya kabla ya hapo. Ukiilazimisha, feni inalia kama kinu cha kusaga na picha inakwenda kwa kurukaruka. Basi chakula kipikwe kabla wageni hawajafika: kila video naigeuza mapema iwe ya H.264, ambayo karibu kila simu na TV inaifahamu. Filamu moja huweza kukesha jikoni. Sina haraka nayo.

Umeme ndio hesabu iliyoniumiza. Kasha linakula kama wati 60 hata likiwa halifanyi kitu, yaani uniti 1.44 kwa siku, 43 kwa mwezi, na Luku haijui kuficha siri. Kwa hiyo hulala saa tano usiku, isipokuwa kuna kitu motoni. Kwenye mipangilio ya bodi nimeliamuru liwake lenyewe umeme ukirudi, maana Mama hatainama kutafuta swichi. Na kwa kuwa diski inazunguka mara 7,200 kwa dakika, na kinachozunguka ipo siku kitasimama, nakala ya pili ya kila kitu iko kwa dada yangu Muheza, kwenye sanduku la kanga.

Sasa majina. Seva haitazami filamu. Inasoma jina la folda. Nilipoandika *The Godfather (1972)*, sekunde chache baadaye ikaniletea kava, jina la Coppola, sura ya Brando, na muhtasari wa kisa. Nilifurahi kama mtoto. Nikadhani kila kitu kitakuwa hivyo.

Mama ana kaseti 41 kwenye kasha la viatu. Nyingi zilirekodiwa redioni, miaka ile ambayo mtu aliweka kinasa sauti mbele ya redio akawanyamazisha watu wote chumbani. Kaseti haina njia ya mkato: ya dakika 60 itakuchukua dakika 60. Unasafisha kichwa cha kusomea kwa pamba na spiriti, unakaza utepe kwa kalamu, unabonyeza, unakaa. Kwa ubora wa CD, saa moja hiyo ni zaidi ya megabaiti 600. Ukiifunga kwa FLAC, ambayo haipotezi kitu, hupungua kama nusu. Nafasi haikuwa tatizo. Nilihamisha ya kwanza, nikaifungua kwenye TV, nikamwita Mama.

Sauti ilikuwa ya Shakila, mwimbaji wa taarabu. Kiooni paliandikwa kwamba msanii hajulikani.

“Hajulikani na nani?” Mama akauliza.

Sikuwa na la kujibu. Nipo Tanga, mji wa vikundi vya Black Star na Lucky Star, mji wa bendi za Atomic na Jamhuri Jazz, na kasha langu linalomtambua Brando kwa sekunde tatu halimjui Shakila. Nilijaribu programu ya kutambua nyimbo kwa alama za sauti. Ikarudi mikono mitupu. Juu ya kaseti palikuwa na maandishi ya wino wa buluu: “Taarabu 3”.

Tangu hapo kila Jumapili baada ya chai Mama hukaa kwenye kiti cha uzi nami nikakaa na kibodi ya kuazima. Wimbo unapigwa, anasikiliza beti mbili, anasema. Huyu ni nani, hiki ni kikundi gani, hapa fidla ni ya fulani, hapana, ngoja, rudisha nyuma. Akiwa hana hakika anampigia shangazi simu, na shangazi anaimba kiitikio kizima kabla ya kutaja jina. Mimi naandika: msanii, kikundi, wimbo, na mwaka ukipatikana. Jumapili nzuri tunamaliza upande mmoja wa kaseti.

Ya kumi na saba ilinitia mashakani. Katikati ya wimbo jogoo anawika, tena mara mbili, kisha mtu anapiga hodi na sauti ya msichana inamwambia asubiri. Nikasema hapo naweza kupakata.

“Usiguse. Huyo ni mimi. Na jogoo alikuwa wa bibi yako.”

Nimeandika Black Star kwenye nafasi ya kikundi. Chini yake ipo nafasi ya wasanii waalikwa. Nimemwandika Mama, kisha mkato, kisha jogoo.