Kichala cha Usiku

Mizani ya kwanza kumpima Zabibu ilikuwa ya kupimia mchele. Nilimtia kwenye ndoo, mwenye duka akasogeza gunia la maharage, akaipandisha ndoo, akaondoa uzito wa ndoo tupu, akasoma: kilo 4 na gramu 300. Kisha akaniuliza nauza mzima au kwa kilo. Dodoma sungura hufugwa aliwe, na mtu anayezunguka mtaani na sungura mnene akitafuta namna ya kumkondesha huonekana kama anayemwaga maji katikati ya Oktoba.

Nilimpokea Juni. Familia moja ya watumishi, iliyotoka Dar es Salaam pale serikali ilipohamia huku, ilikuwa inahama tena, na walikokwenda hakukuwa na nafasi ya mnyama. Waliniachia boksi, kipande cha khanga na maelezo: anapenda zabibu, chapati, mkate wa asubuhi na karoti. Jina watoto walimpa kwa sababu ya hizo zabibu, ambazo hapa kwetu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Siwalaumu. Mtoto akimpenda mnyama humpa kile anachokipenda yeye mwenyewe.

Nilipompapasa ubavuni sikuzipata mbavu. Sungura mwenye afya, vidole vikimpitia kwa wepesi tu, mbavu zake unazihesabu chini ya ngozi. Jike huwa na mkunjo wa ngozi chini ya kidevu. Wa Zabibu ulikuwa umefura ukawa mto, na ndio alioulalia. Nyuma, manyoya yalikuwa yamegandamana kwa kinyesi laini. Hilo ndilo lililoninyima usingizi, kuliko hata ule uzito.

Sisi tumelelewa na sungura mwingine. Yule mjanja wa hadithi za jioni, anayewachezea Fisi na Simba, ni mnyama wa pori la nchi hizi: huzaliwa na manyoya, macho wazi, tayari kwa mbio. Huyu wa kufugwa asili yake ni Hispania na Ureno. Huzaliwa uchi na kipofu, shimoni, na hao wawili hawawezi kuzaliana. Kiswahili kimewapa jina moja, na jina hilo limetupotosha, tukadhani mwenye akili zote zile atajua mwenyewe wapi pa kukomea. Hata yule wa shairi tulilokariri shuleni, aliyeruka hadi akachoka akaondoka akiyasingizia matunda ubichi, alikuwa na bahati asiyokuwa nayo Zabibu. Matunda yake yalikuwa juu.

Basi nikadhani kazi yangu ni kunyima. Daktari wa mifugo, mtu wa ng'ombe na mbuzi aliyekubali kumwangalia Zabibu kwa kunihurumia, alinikatiza hapo hapo. "Ukimshindisha njaa utamuua kabla hajapungua." Sungura hawezi kutapika, na utumbo wake husukuma vizuri pale tu unapochochewa na nyuzinyuzi za majani yanayoingia bila kukoma. Akikaa nusu siku bila kula, hiyo ni dharura. Akiwa mnene ndiyo hatari zaidi, maana mwili wenye njaa huyavuta mafuta yake kwa pupa, nayo yakaenda kuliziba ini. Meno nayo, yote 28, hukua maisha yake yote, na kinachoyasaga ni nyasi, zile zinazotafunwa kwa kuzungusha taya kama jiwe la kusagia. Chapati haisagi jino.

Kumkondesha sungura, kwa hiyo, ni kumlisha zaidi. Unampa chakula duni kwa wingi usio na mpaka, mchana na usiku, mpaka kile kitamu kikose mahali pa kukaa. Mimi nimefundishwa tangu utoto kwamba ukarimu ni kutoa kilicho bora. Hapa ukarimu wote ulikuwa kwenye nyasi kavu.

Nikaenda kuzitafuta, na hapo ndipo nilipojua kwamba nyasi kavu na nyasi zilizokauka ni vitu viwili. Uwanda huu wa kati unapata mvua msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, kisha ni upepo na vumbi mpaka mwaka uishe. Ifikapo Juni kila ukingo wa barabara una nyasi za rangi ya dhahabu, nami nilivuna kiroba kizima kwa furaha. Zabibu alizinusa, akageuka, akaomba mkate. Zilikuwa mabua matupu: mbegu zimeshapukutika, utamu umerudi mizizini, kilichobaki ni ganda.

Aliyenifungua macho ni bibi jirani, Mgogo wa hapa hapa. Nilimkuta uani, mbele ya ungo wa mlenda uliokaushwa. Nikamwamkia "Mbukwenyi" kwa lafudhi ya mtu wa kuja, akacheka, nikamwonyesha kiroba changu. Alichota konzi, akaivunjavunja, akaiachia upepo.

"Mjukuu wangu, nyasi ni mboga ya mnyama. Wewe mboga unaivuna ikishazeeka?"

Wagogo wamejua kukausha tangu zamani, kwa sababu ardhi yao haiwapi nafasi ya kutojua. Majani ya mlenda huchumwa wakati wa mvua, huanikwa, hutunzwa, na Oktoba chungu kinateleza kama Februari. Ustadi ni ule ule kwenye nyasi, ila nilikuwa nimechelewa miezi miwili. Kwa mwaka ule nilinunua robota la hei, yaani nyasi zilizokaushwa kwa wakati wake, kwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Bibi alinifundisha kulichagua kwa pua: hei njema ina harufu ya chai iliyomwagwa kwenye majani, na bado ina ukijani, ikinuka ukungu usiilete nyumbani hata ukipewa bure.

Mwaka uliofuata nilivuna mwenyewe, Machi, nyasi zikianza kutoa maua na kabla mbegu hazijakomaa. Unakata umande ukishakauka. Unatandaza nyembamba juani, unageuza mchana, unageuza tena alasiri, na jioni unakusanya kabla baridi haijashuka, maana umande wa usiku mmoja unarudisha kazi ya siku nzima. Siku ya pili unahamishia kivulini upepo umalizie, kwa sababu jua likizidi huua ule ukijani na majani yakawa vumbi mkononi. Kipimo ni kusokota konzi moja: ikinyongeka bila kulia bado ina maji, na ukiifunga itaota ukungu katikati, ikisagika umechelewa. Katikati ya hayo mawili kuna saa chache tu, nazo bibi alizijua kwa kusikia. Alikuwa akikaa kwenye kigoda chake mimi nikisokota, na bila kutazama anasema, "Bado."

Waingereza walipokuja Kongwa, huku huku mkoani kwetu, mwaka 1947 kulima karanga, walichoma zaidi ya pauni milioni 30. Kufikia 1951 mpango ulikuwa umekufa, mvua zimewakimbia na udongo wakati wa kiangazi umekuwa mgumu wa kuvunja jembe. Leo Kongwa ni nchi ya ranchi. Ardhi iliyokataa karanga haijawahi kukataa nyasi, na nadhani bibi yeyote wa Kigogo angewaambia hivyo kwa bei nafuu zaidi.

Lakini hei huja baada ya uvumilivu mwingine. Mnyama aliyehamishwa hana haja na fadhila zako siku ya kwanza. Anataka harufu anayoijua na mahali pa kujificha. Nililiweka boksi lake pembeni mwa chumba, nikalitoboa mlango wa pili ili asihisi amenaswa, nikaiacha ile khanga ndani bila kuifua. Sakafu ya saruji ni baridi nzuri lakini humtelezesha, na mnyama mzito hupata vidonda nyayoni, kwa hiyo nikatandika magunia na mkeka. Mkeka aliula. Juma la kwanza niliacha mkate wake uendelee, kidogo kidogo ukipungua, maana tumbo lililozoea wanga halihamishwi kwa siku moja. Karoti nikazila mimi, yeye nikampa majani yake. Badala ya zabibu nikampa majani ya mzabibu, kutoka ua wa rafiki asiyepuliza dawa, pamoja na mchunga na matembele, navyo nilivificha huku na kule chumbani ili avitembelee. Kila asubuhi nilihesabu kinyesi chake kama karani: punje kubwa, kavu, zenye nyuzi, ndiyo ripoti pekee ambamo sungura haandiki uongo.

Kumshika sikumshika. Nilikaa chini na gazeti, nikimgeuzia ubavu. Macho ya sungura yanaona karibu pande zote isipokuwa pale mbele ya pua, kwa hiyo mkono unaokuja chini ya kidevu ni mkono uliotoka gizani. Mwendee kwenye paji la uso, kutoka juu. Wala usimnyanyue kwa masikio kama wanavyofanya sokoni. Siku ya nne alipiga mguu wa nyuma sakafuni, kunionya. Siku ya tisa alilitafuna gazeti, ukurasa wa matangazo ya zabuni, nikaona tumeelewana.

Kila Jumamosi tulirudi dukani. Mwenye duka aliacha mzaha, akaanza kuandika uzito wake kwenye daftari la wakopaji, na Zabibu akawa ndiye pekee humo ambaye hesabu yake ilikuwa inapungua. Gramu 50, gramu 40, wiki moja hakuna kitu. Joto la Septemba lilipoanza kupanda nilimgandishia maji kwenye chupa, nikaivisha soksi, akailalia. Sungura hatoki jasho, joto lake hulitolea masikioni.

Sasa ule uchafu wa nyuma. Sungura ana vinyesi vya aina mbili. Kile laini, chenye utando, hutoka kikiwa kimeshikamana, na kwa umbo hakuna kinachofanana nacho kuliko kichala kidogo cha zabibu. Ndani yake mna protini na vitamini ambazo utumbo umezichachua lakini haukuwahi kuzifyonza, kwa hiyo sungura huinama na kukila moja kwa moja kinapotoka, mara nyingi usiku. Mnene hajifikii. Chakula chake bora kabisa humgandia mwilini, inzi wakaja, na kwenye joto mabuu hayachukui hata siku mbili. Miezi mitatu nilimsafisha kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, tukichukiana kwa muda na kusameheana.

Usiku mmoja nilisikia kutafuna kumekoma. Niliinua kichwa haraka, kwani ukimya wa sungura si habari njema. Zabibu alikuwa ameketi katikati ya mkeka uliobaki, siku moja baada ya daftari kusoma kilo 3 na gramu 700. Akakunja shingo. Kichwa kikashuka, kikapita kati ya miguu ya nyuma, kikazama chini ya tumbo. Kilipoibuka alikuwa anatafuna taratibu, macho nusu yamefumba.

Asubuhi nilikimbia uani kwa bibi kumpa habari kwamba sungura wangu amekula kinyesi chake. Alinitazama kwa muda, akarudi kwenye ungo wake, akaniuliza kama mimi nimekunywa chai.